Saa Tisa Mbele ya Malaika

Mara ya kwanza Nimia Villalba kumgusa mwanamume yule, alimgonga kisogoni kwa jora la kitambaa.

Ilikuwa Desemba, ndani ya ofisi ya uhamiaji, mwisho wa daraja upande wa Posadas, Argentina. Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango, ikazunguka vyoo, ikarudi tena mlangoni. Joto lilikuwa la kuyeyusha kandambili. Nimia alivaa gauni la pamba la manjano lisilo na mikono, nywele kazishikiza juu kwa penseli, na begani alibeba mita arobaini za kitambaa cha pazia alichokuwa akimpelekea mteja wa duka alilofanyia kazi ng'ambo ya mto, Encarnación, Paraguay. Kila alipogeuka kuona kama foleni ya pembeni inakwenda haraka kuliko ya kwake, jora nalo liligeuka.

“Aa!”

“Samahani, kaka.”

“Hamna neno.”

Dakika mbili hazijapita, foleni ya pembeni ikasogea, Nimia akageuka tena kuitazama kwa wivu. Paa!

“Jamani, samahani sana!”

Safari hii mwanamume aligeuka mzima mzima. Alikuwa mrefu, shingo imeungua jua mpaka imekuwa nyekundu, mikono ina vidoti vidoti vya makovu ya cheche. “Dada, ya kwanza nilisema bahati mbaya. Hii ya pili naona unanitaka.”

“Nikutake wewe, nina njaa gani?”

“Basi nipe hilo jora nikubebee, kabla hujaniua na mama yangu akose wa kumlalamikia.”

Aliitwa Ladislao Sawczuk, fundi wa kuchomelea vyuma, na kwa kuwa hakuna mtu wa Posadas aliyekuwa na subira ya kulimaliza jina hilo, wote walimwita Lalo. Walisimama pale saa moja na nusu. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya magofu ya kanisa la kale la San Ignacio, na walipokosa cha kusema wakayasema hayo.

“Yale umeshafika?” Lalo aliuliza, kidevu kimeelekea picha.

“Ya kwenu? Nilipelekwa na shule. Mawe.”

“Mawe! Lile lango lote lililochongwa unaliita mawe?”

“Kwa mtu ambaye hajafika kwetu Trinidad, ni lango zuri. Sisi tuna malaika. Wamepangwa ukutani juu, wanapiga muziki. Mmoja ana kinubi, mwingine ana zeze, na mmoja anatikisa manyanga.”

“Malaika na manyanga? Mapadre Wajesuiti walikubali?”

“Mapadre walitoa amri tu. Waliochonga ni wenyeji, Waguarani, mababu wa bibi yangu. Waliona mbinguni bila manyanga hapaendeki.”

Lalo alicheka mpaka afisa wa dirishani akainua kichwa. “Haya. Siku ukinionyesha hao malaika, nikiona kweli wametushinda, nitatamka kwa mdomo wangu: ya kwenu ni bora.”

“Mwargentina atamke hivyo? Nitaita mashahidi.”

Hivyo ndivyo mapenzi yalivyoanza, na tangu siku hiyo kwenda Trinidad kukawa deni la maneno lisilolipika. Januari walipanga, mvua ikanyesha siku tatu, kijito kikapita juu ya barabara. Februari walipanga, ikawa kanivali, Lalo akakaa darajani kuanzia asubuhi mpaka jua likazama. Machi walifika kabisa, mpaka getini, wakakuta kufuli: mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kumzika jirani yake, na kila mtu aliyemjua alikuwa huko huko makaburini. Lalo alipanda juu ya boneti ya kigari chake cha bluu chenye mlango mmoja mweupe, akachungulia juu ya ukuta.

“Naona jiwe,” alisema.

“Lipi?”

“Sijui. Limenigeuzia mgongo.”

Walicheka njia nzima ya kurudi. Wakati huo bado walikuwa na kicheko, kwa sababu ilikuwa majira ya joto na saa za pande mbili za mto zilikuwa sawa.

Aprili Paraguay ikarudisha saa zake nyuma kama kila mwaka, na Argentina haikurudisha. Sisi tuliozaliwa kandokando ya mto huu tumelizoea jambo hilo, na bado kila mwaka linatuumbua. Unasimama Encarnación saa nane, unatazama ng'ambo, unaona madirisha ya watu kwa macho yako, na wale watu wako saa tisa. Nimia alikuwa na laini mbili za simu. Ili kuongea na Lalo bila kufilisika, alivaa koti, akashuka mpaka kingo za mto, akatia laini ya Argentina, akatafuta ile sehemu karibu na benchi la tatu ambako antena ya Posadas hufika. Upepo ukigeuka, sauti hukatika. Wapenzi wa Encarnación walipigiana simu wakiwa wamesimama hapo mstari mmoja, kila mmoja na kidole sikioni.

Mei, mama yake Lalo alitimiza miaka sitini, akaandaa chakula cha mchana. Nimia alishona gauni jipya la bluu iliyoiva, akabeba keki magotini darajani kote, akafika saa saba kamili kwa saa ya Encarnación, Posadas imeshagonga nane. Akakuta sahani zimeshaoshwa. Mama alimpa mkono wa baridi kama mtu anayepokea barua ya kodi.

“Nimi, saa nzima!” Lalo alimnong'oneza jikoni. “Dunia nzima inajua saa, isipokuwa ng'ambo ya mto!”

Hapo Nimia alipandwa na hasira za miezi yote mitano ya foleni. “Ni saa yenu tu ndiyo ya kweli, sivyo? Saa yenu, barabara zenu, magofu yenu! Siku moja ingia kwetu ujue kwamba na sisi tuna saa!”

Aliiacha keki mezani akaondoka. Wiki tatu hawakusemezana. Kisha walirudiana, lakini kwa tahadhari, kama watu wanaobeba sinia la glasi.

Alhamisi moja ya Agosti, Lalo akapiga. Nimia alikuwa kwenye benchi la tatu, skafu imefungwa mpaka puani.

“Mrembo wangu wa jora.”

“Usinibembeleze, nakufahamu. Sema lililokuleta.”

“Nimepata kazi. Kusini kabisa, kwenye visima vya mafuta. Siku mbili kwa basi. Miaka mitatu.”

Nimia aliutazama mto. “Hongera.”

“Usiseme hongera.”

“Niseme nini?”

“Sema baki.”

“Niseme baki, halafu kila utakapokosa kazi unitazame mimi? Na nikikufuata huko, shangazi nimwachie nani, na miguu yake ile?”

“Ndiyo maana nauliza, Nimi! Mwaka huu wote tunasema kesho, Jumamosi, wiki ijayo. Mimi nimechoka. Basi langu ni Jumatatu asubuhi. Jumamosi nakuja Trinidad. Usinisubiri mjini, daraja silidhamini, tangulia. Nikikukuta mbele ya malaika wako, narudisha tiketi, nakuoa. Nisipokukuta, nitaelewa, sitakusumbua tena.”

“Kwa hiyo ni mtihani.”

“Si mtihani, kipenzi. Ni…”

“Saa ngapi?”

“Saa tisa. Nimi, sikiliza…”

Upepo ukageuka. Nimia alisogea kulia, akasogea kushoto, akapanda juu ya benchi na viatu vyake vya kazini. Patupu. Antena ya Posadas ilikuwa imekwenda zake, na alipojaribu kupiga tena usiku na kesho yake akaambiwa mtandao una shughuli nyingi.

Lakini alikuwa amesikia la kutosha, na jibu lake alikuwa nalo tangu zamani. Saa tisa. Hakujiuliza mara mbili ni saa tisa ipi. Tangu siku ile ya sahani zilizooshwa alikuwa amejiapiza moyoni, bila kumwambia mtu, kwamba hatachelewa tena kwa saa ya Lalo. Saa tisa ya Lalo ni saa nane ya Encarnación. Alimwomba mwenye duka ruhusa, akaambiwa Jumamosi hakuna ruhusa, akaondoka hivyo hivyo.

Alivaa koti la sufi la kijani alilolishona mwenyewe, sketi nyeusi, buti zilizopakwa rangi, na hereni za marehemu mama yake. Basi la mchana lilijaa watu na mabegi ya unga. Saa nane kasoro dakika tano alikuwa getini Trinidad, na mzee wa geti, aliyekuwa anafyonza chai ya yerba kwa mrija wake wa chuma, alimkatia tiketi bila kuinuka.

“Peke yako, binti?”

“Mwenzangu anakuja sasa hivi.”

Majani yalikuwa yamelowa. Uwanja ule mpana ulikuwa mtupu, nyumba za mawe mekundu zimejipanga pande mbili, matao tu yamebaki, na mwisho wake kanisa kubwa lisilo na paa. Mjusi mkubwa alikuwa amejianika mahali padri alipokuwa akisimama. Nimia alipita katikati ya kuta nene kuliko kitanda, akafika kwenye mimbari iliyounganishwa kutoka vipande elfu, akainua macho. Walikuwepo. Walipangana juu ya ukuta, mashavu manene, nywele zimesokotwa, kila mmoja na ala yake. Yule wa manyanga alikuwa mkono juu, kama mtu aliyekatizwa katikati ya wimbo.

“Haya, baba,” Nimia alimwambia. “Leo tuna mgeni.”

Saa nane na robo alijipaka rangi ya midomo upya. Saa nane na nusu alisoma kibao chote kwa Kihispania, akasoma na upande wa lugha asiyoijua. Daraja, alijiambia. Saa tisa kasoro robo likaja basi la wanafunzi, wakapiga kelele, wakapigana picha na watakatifu wasio na vichwa, wakaondoka. Baridi ilipanda kwenye buti. Simu ilionyesha alama moja ya mtandao, kisha ikafuta, kisha ikaonyesha tena, kama inayomchezea. Kwa laini ya kwao alimpigia Lalo mara kumi na moja, na kila mara yule dada wa ndani ya simu alimjibu kwa adabu ile ile: mteja unayempigia hapatikani.

Ilipofika saa tisa ya Encarnación alikuwa amesubiri saa nzima, na ndani ya saa hiyo alikuwa ameshamwoa Lalo, ameshaachana naye, na ameshamzika mara mbili. Alizunguka kanisa. Alihesabu malaika, akapoteza hesabu, akaanza tena. Palianza manyunyu. Akajisogeza chini ya tao lililobaki, kola imeinuliwa, na machozi yakaanza kumtoka ya hasira tupu.

“Mwanamume mzima,” alisema kwa sauti, na ukuta ukamrudishia. “Unaniweka mtihani, halafu wewe mwenyewe huji kwenye chumba cha mtihani!”

Saa tisa na nusu alimpungia malaika wa manyanga mkono. “Utaendelea kumsubiri wewe. Mimi nimekoma.”

“Mwenzako hakuja?” mzee wa geti aliuliza.

“Sina mwenzangu,” alisema Nimia, na basi la kurudi likatokea pale pale, jambo ambalo halijawahi kumtokea maishani siku anayohitaji basi.

Kilomita moja mbele, kigari cha bluu chenye mlango mweupe kilipishana na basi hilo, kinakimbia kama kinachofukuzwa. Nimia hakukiona. Alikuwa ameinama, anaisukumia laini ya Argentina chini kabisa ya mfuko wa koti.

Nyumbani alifua. Alifua hata vilivyo safi. Saa kumi na moja akajikumbuka: Jumamosi ni siku ya kumsaidia shangazi yake. Akafunga kitambaa kichwani, akavaa lile lile koti la kijani lenye unyevu, akaenda darajani.

Shangazi Blásida aliishi kwa foleni. Kwa miaka ishirini alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja kando ya njia ya magari yanayorudi Argentina, kapu la chipa, vimkate vya jibini, magotini, na Waargentina waliokwama na manunuzi yao yote ndani ya buti za magari walinunua chipa zake kwa sababu hawakuwa na kingine cha kufanya. Watu wote mjini waliilaani foleni, shangazi aliiombea.

“Leo imefika mpaka kituo cha zima moto,” alisema kwa furaha. Kisha akamtazama mpwa wake. “Nani amekufa?”

“Hakuna aliyekufa. Hakuja.”

“Lalo? Lalo hakuja?”

“Nimekaa saa moja na nusu kwenye mvua, shangazi. Na buti nimezipaka rangi. Sitaki kumsikia. Nipe kapu.”

Shangazi hakutoa kapu. “Alisema mkutane saa ngapi?”

“Saa tisa.”

“Saa tisa ya wapi?”

“Ya kwao, ya wapi tena? Si unamjua, yeye kila kitu saa yake! Nikafika saa nane yetu, nikasimama mpaka saa tisa na nusu.”

“Alikwambia ni ya kwao?”

“Hakuwa na haja ya…”

“Maana wiki iliyopita,” shangazi aliendelea taratibu, akizipanga chipa, “alipita hapa darajani akanunua mbili. Nikamtania, nikamwambia, baba, saa yako imekwenda mbele. Akasema hapana, ng'ambo hii nafuata saa ya Nimia, nikikosea tena ataniua. Akaivua pale pale akairudisha nyuma. Nilidhani amekwambia.”

Nimia aliiona siku nzima upya, ikitokea nyuma kwenda mbele: saa tisa ya Lalo ilikuwa saa tisa ya Encarnación, na yeye aliondoka nusu saa baadaye. Tangu Aprili walipigania saa ya nani ifuatwe, na siku moja tu iliyokuwa na maana, kila mmoja alikuwa amekubali kushindwa kimya kimya bila kumwambia mwenzake.

Alikimbia. Kutoka kwenye foleni mpaka kingo za mto ni mwendo wa dakika tatu, yeye alitumia moja. Alisimama juu ya benchi la tatu, akatia laini ya Argentina, akasubiri antena, akapiga.

“Mteja unayempigia hapatikani.”

Safari hii Nimia hakuitukana simu. Hapatikani! Simu ya Lalo haikushika mtandao upande huu wa mto. Ndiyo kero yao ya mwaka mzima. Kama hapatikani, basi hajavuka. Na kama hajavuka, na ameshatoka Trinidad, yuko mahali pamoja tu.

Alirudi anahema. “Yuko kwenye foleni, shangazi!”

“Basi nenda.” Shangazi alimtwika kapu. “Na usiende mikono mitupu. Mtu anayechungulia magari ya watu bila kuuza kitu ataitiwa polisi.”

Foleni ilikuwa mistari mitatu, kati yake vizuizi vya saruji mpaka kiunoni. Jua lilikuwa linazama na taa za magari zimewaka, kwa hiyo kila gari lilikuwa macho mawili tu na nyuma yake giza. Nimia alitembea dhidi ya mwanga.

“Chipa! We dada wa chipa!”

“Zimeisha.”

“Zimeisha na kapu limejaa?”

Akauza. Mama mwenye watoto wanne alitaka nne, kisha akataka tano, kisha akataka zilizo moto zaidi. Bwana mmoja alitaka kujua kama jibini ni ya ng'ombe wa kienyeji. Kila mara mstari wa pili ulisogea, na kila uliposogea Nimia alihisi Lalo anachomoka mikononi mwake gari moja moja, kuelekea Jumatatu. Bluu, lakini milango yote bluu. Mlango mweupe, lakini lori. Aliruka kizuizi, sketi ikashikwa na chuma, ikachanika mpaka gotini.

Kisha akakiona, mstari wa kati, mlango mweupe umejaa matope ya Trinidad. Lalo alikuwa amevaa suti. Nimia hakuwahi kumwona na suti; ilikuwa ya kijivu, ya kuazimwa, fupi mikononi. Paji la uso lilikuwa limelala juu ya usukani.

“Chipa,” alisema Nimia dirishani.

“Asante, sihitaji.”

“Chukua moja. Za moto.”

“Dada, nimesema si…” Lalo akainua kichwa.

Walitazamana. Kisha, badala ya yote aliyoyapanga, Nimia akapasuka: “Ulikuwa wapi?”

“Mimi nilikuwa wapi? Nimefika saa tisa na dakika arobaini, daraja limenila dakika arobaini, naomba radhi! Mzee wa geti ananiambia kulikuwa na binti wa koti la kijani, kaja saa nane, kaondoka. Nikajua umekuja mapema makusudi, uondoke kabla sijafika.”

“Nani anakuja mapema ili aondoke?”

“Wewe! Ukikasirika unafanya mambo ambayo sijaona mtu anafanya!”

“Nilikuja saa tisa, Lalo. Saa tisa ya kwenu.”

Taratibu Lalo akavuta mkono wa koti la kuazimwa, akamwonyesha saa yake. Nimia akamwonyesha ya kwake. Mishale ilikuwa imekaa sawasawa, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi.

“Jamani,” alisema Lalo. “Jamani, sisi ni wajinga.”

“Sema wewe. Mimi nilikuwa nakuonea huruma.”

“Na mimi nilikuwa nakuogopa.” Alicheka. “Nimekaa na malaika wako saa nzima, Nimi. Peke yangu. Nikawatazama mmoja mmoja. Yule wa manyanga nimemtazama mpaka shingo ikauma.”

“Na?”

“Nini, na?”

“Unajua nini. Uliahidi. Na hapa mashahidi ni wengi.”

Nyuma yao honi zilianza. Mstari ulikuwa unasogea tena, na mwanamume wa gari la nyuma alitoa mkono na nusu ya mwili nje ya dirisha.

Lalo akatoa kichwa chake nje, akamgeukia. “Bwana! Ya kwao ni bora!”

“Yapi?”

“Magofu! Malaika! Ya kwao ni bora kuliko ya kwetu!”

“Sawa, ni bora! Endesha!”

Nimia alicheka huku analia, ameshikilia mlango kama utakimbia. Lalo akaingiza mkono mfukoni, akatoa tiketi ya basi, akaitia ndani ya kapu, chini ya kitambaa. “Fungia chipa hiyo. Nimi, nikuoe?”

“Ndiyo. Unauliza nini? Nimepaka buti rangi nikuambie ndiyo, nikauambia ukuta.”

“Ingia.”

“Sina kitambulisho. Nilikimbia hivi nilivyo.”

“Basi nageuza.”

“Utageuza wapi?”

Kulia saruji, kushoto saruji. Aliyeingia kwenye mstari ule hana njia isipokuwa kuvuka mto, kugonga mhuri, kuzunguka mnara wa saa wa Posadas, na kushika foleni ya kurudi. Lalo alipiga usukani kwa kiganja. Mwaka mzima wa daraja ulikuwa kwenye pigo hilo. Honi zikawa kwaya.

“Nenda,” alisema Nimia, akitembea sambamba na gari. “Zunguka urudi. Nipo kwa shangazi.”

“Nitarudi saa…”

Akamziba mdomo kwa chipa. “Usithubutu kunitajia saa.”

Alisimama mpaka taa nyekundu za kigari zikapotea darajani. Kisha akarudi, sketi imechanika, akageuza ndoo akaikalia kando ya kiti cha shangazi, uso ameuelekeza kwenye njia ya magari yanayoingia.

“Anarudi saa ngapi?” shangazi aliuliza.

“Sijui.”

“Afadhali,” alisema shangazi Blásida, akamkatia nusu ya chipa ya mwisho.

Baridi ilizidi. Magari yalikuja moja moja kutoka ng'ambo, na Nimia aliyahesabu yote, hakuruka hata moja. Yalipita mia na kumi na saba. La mia na kumi na nane lilikuwa na mlango mweupe.